MySQL, PostgreSQL au SQL Server Express: ipi uiweke kwenye Windows yako, na mazingira ya uendeshaji yakigoma ufanyeje

Ukibofya faili ya kusakinisha MySQL, kikajitokeza kisanduku kinachosema `VCRUNTIME140_1.dll was not found`, usikimbilie kuipakua hifadhidata upya. Hifadhidata haina kasoro. Kinachokosekana ni mazingira ya uendeshaji, yaani zile maktaba ambazo programu huziazima kwa Windows wakati inafanya kazi badala ya kuzibeba yenyewe. Hifadhidata kubwa za Windows zimeandikwa kwa C na C++ na kujengwa kwa Visual Studio ya Microsoft, kwa hiyo zote zinategemea kifurushi kinachoitwa Visual C++ Redistributable. SQL Server inaongeza .NET Framework, mkusanyiko mwingine wa maktaba za Microsoft, juu yake. MongoDB, hifadhidata nyingine, nayo ina sharti linalogusa prosesa yenyewe, na hilo hakuna kifurushi kinacholitibu.

Ulinganisho mwingi huanza na kasi na lugha ya SQL. Kwa mtu anayesakinisha kwenye kompyuta ya ofisi, ya maabara ya shule, au laptop iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, swali la kwanza ni jingine: kila moja inadai nini kutoka kwa mashine, nani anakileta hicho kinachodaiwa, na ikishindwa inakwambia nini. Hapo ndipo kazi inapoisha kwa nusu saa au kwa siku mbili.

| | MySQL 8.4 | PostgreSQL 17 | SQL Server 2022 Express |
|---|---|---|---|
| Inadai | Visual C++ 2019 ya biti 64 au mpya zaidi | Visual C++ ya biti 64 | .NET Framework 4.7.2 pamoja na Visual C++ |
| Nani anakileta | Wewe mwenyewe, kabla ya kuanza | Kisakinishi chenyewe | .NET imo ndani ya Windows 10 toleo la 1803 na yaliyofuata. Mengine huletwa na kisakinishi |
| Pa kusoma kosa | Faili ya `.err` kwenye folda ya data | `%TEMP%\install-postgresql.log` | `Summary.txt` kwenye folda ya `Setup Bootstrap\Log` |
| Kikomo cha ukubwa | Hakuna kinachowekwa na toleo | Hakuna kinachowekwa na toleo | GB 10 kwa kila hifadhidata |

Zote tatu ni za biti 64 tu. Kama Windows yako ni ya biti 32, hakuna kifurushi kitakachokuokoa. Thibitisha hilo kwenye Settings, System, About kabla hujala bando.

Jina la faili ndilo linalokupa jibu

Kisanduku cha kosa hutaja faili moja ya maktaba (DLL), na jina hilo linaonyesha moja kwa moja kifurushi kinachotakiwa. `MSVCR100.dll` ni ya Visual C++ 2010. `MSVCR110.dll` ni ya 2012. `MSVCR120.dll` na `MSVCP120.dll` ni za 2013, na hizi utakutana nazo ukisakinisha matoleo ya zamani ya MySQL 5.7. `VCRUNTIME140.dll` na `MSVCP140.dll` ni za kundi la 2015 hadi 2022, ambalo lote hutumia kifurushi kimoja: ukiweka cha 2022, programu ya 2015, ya 2017 na ya 2019 zote zimepata chao. Vifurushi vya 2010, 2012 na 2013 havimo humo. Kila kimoja husakinishwa peke yake na vinakaa pamoja bila kugombana.

`VCRUNTIME140_1.dll`, ile yenye `_1` mwishoni, ina mkasa wake. Ilikuja na Visual Studio 2019 na ipo kwa biti 64 peke yake. Kompyuta yenye kifurushi cha 2015 au 2017 inayo `VCRUNTIME140.dll` lakini haina hii. Ndiyo maana mtu huapa kwamba Visual C++ anayo, na kweli anayo, ila MySQL inagoma. Dawa ni kuweka kifurushi kipya juu ya cha zamani.

Ukiona jina linaloanza na `api-ms-win-crt`, hiyo ni Universal CRT, maktaba ya msingi ya C ya Windows. Windows 10 na 11 wanazaliwa nayo. Kwenye Windows 7 SP1 na 8.1 huletwa na sasisho KB2999226. Lakini mashine ya Windows 7 usiifanye nyumba ya hifadhidata mpya. Ukilitibu hili, kesho litazuka jingine.

Kuna pia makosa yanayokuja kwa namba. `0xc0000135` ni DLL haikupatikana. `0xc000007b` ni DLL ipo lakini ya biti isiyolingana, mara nyingi ya biti 32 iliyowekwa mahali pa biti 64. Ukiwa kwenye kidirisha cha amri na `mysqld` ikarudi kimya bila kuandika chochote, andika `echo %errorlevel%`. Jibu likiwa `-1073741515`, hiyo ni ile ile `0xc0000135` ikiwa imeandikwa kwa desimali.

MySQL: inakuachia wewe kazi ya kuandaa uwanja

Kisakinishi cha MSI cha MySQL hukagua kama Visual C++ ipo. Isipokuwepo, hukataa kwa kusema `This application requires Visual Studio 2019 x64 Redistributable` na kujifunga. Hakikuletei kifurushi. Neno Visual Studio hapo huwapotosha wengi wakaenda kupakua Visual Studio nzima, ambayo ni gigabaiti kadhaa. Huihitaji. Unachotaka ni `vc_redist.x64.exe`, faili ya megabaiti zisizofika 30, inayopatikana kwenye tovuti ya Microsoft kwa anwani `aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe`.

Utaratibu wake ni huu:

1. Angalia ulichonacho: `reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\VisualStudio\14.0\VC\Runtimes\x64"`. Tazama mstari wa `Version`. Usipopata kitu, tafuta tena ukiweka `WOW6432Node` baada ya `SOFTWARE`, kwa kuwa kumbukumbu hiyo wakati mwingine huandikwa huko.
2. Endesha `vc_redist.x64.exe /install /norestart` kwenye kidirisha cha amri kilichofunguliwa kwa haki za msimamizi.
3. Ukifanya kwa ukimya kwenye kompyuta nyingi kwa kuongeza `/quiet`, soma msimbo wa kutoka. `0` ni salama. `3010` ni salama pia, ila uwashe upya mashine. `1638` maana yake lipo toleo jipya zaidi, kwa hiyo usihangaike.
4. Washa upya, halafu ndipo uendeshe MSI ya MySQL.

Kosa `0x80070666` kwenye dirisha la Visual C++ ni ndugu wa `1638`: unajaribu kuweka toleo la zamani juu ya jipya. Watu huliona hili wakaondoa lile jipya ili la zamani liingie. Usifanye hivyo. Programu iliyojengwa kwa toleo jipya la Visual Studio inahitaji maktaba za umri wake au zaidi. Ukiirudisha `MSVCP140.dll` nyuma unaweza kuiona programu ikianguka kwa `0xc0000005` bila maelezo, na jina la DLL hiyo utalikuta kwenye Event Viewer tu.

MySQL Workbench nayo inadai Visual C++ hiyo hiyo, kwa hiyo kifurushi kimoja kinamaliza kazi mbili. Kama bado unatumia kile kisakinishi cha pamoja cha MySQL 8.0, chenyewe kilihitaji .NET Framework 4.5.2 au zaidi. Kuanzia mfululizo wa 8.1 kiliachwa, na sasa kila toleo lina MSI yake pamoja na MySQL Configurator.

PostgreSQL: inakuja na chake, na hapo ndipo inapokwama

Kisakinishi cha EDB, kampuni inayotoa kisakinishi cha PostgreSQL kwa Windows, hubeba Visual C++ ndani yake na kukisakinisha kabla ya kingine chochote. Kwa mtu asiye na intaneti ya kutegemeka hii ni faida kubwa, maana faili moja kwenye flashi inatosha. Tatizo huja pale kifurushi kilichomo kinapokutana na kipya zaidi kwenye mashine, au kinapozuiwa na sera za ofisi. Utaona `An error occurred executing the Microsoft VC++ runtime installer`. Ukishahakikisha kwamba Visual C++ ya sasa ipo, kwa ile amri ya `reg query`, mwambie kisakinishi aruke hatua hiyo:

`postgresql-17.exe --install_runtimes 0`

Badilisha jina la faili liwe lile ulilopakua. Usitumie swichi hii kama njia ya kukwepa kosa bila kukagua. Ukiruka na Visual C++ haipo, usakinishaji utaendelea vizuri mpaka mwisho, halafu `initdb`, programu inayoandaa folda ya data, itashindwa na utapewa `The database cluster initialisation failed`. Hapo utatafuta tatizo kwenye ruhusa za folda kumbe liko hatua tano nyuma.

Kosa la pili ni `Unable to write inside TEMP environment variable path`. Linasoma kama tatizo la folda ya muda, na watu hubadilisha `TEMP` mara tatu bila mafanikio. Mara nyingi chanzo ni Windows Script Host iliyozimwa, kwa sababu kisakinishi hujaribu kuendesha hati ndogo ndani ya folda hiyo. Kompyuta zilizowahi kusafishwa virusi vya flashi huwa zimezimiwa hiyo. Fungua rejista kwenye `HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings`, na thamani ya `Enabled` iwe 1. Tazama pia njia hiyo hiyo chini ya `HKEY_CURRENT_USER`. Ukimaliza kusakinisha, irudishe ilivyokuwa kama ofisi yako iliizima kwa makusudi.

Kama kila kitu kimepita lakini `initdb` ndiyo iliyogoma, usiondoe programu. Malizia kwa mkono:

`initdb.exe -D C:\pgdata -U postgres -W -E UTF8 --locale=C -A scram-sha-256`

`icacls C:\pgdata /grant "NT AUTHORITY\NetworkService:(OI)(CI)F"`

`pg_ctl.exe register -N postgresql-17 -U "NT AUTHORITY\NetworkService" -D C:\pgdata`

`net start postgresql-17`

Programu ya kwanza na ya tatu ziko kwenye `C:\Program Files\PostgreSQL\17\bin`. Mstari wa `icacls` ndio unaosahaulika, na bila huo huduma hukataa kuwaka kwa sababu akaunti ya NetworkService haiwezi kuandika kwenye folda. Kuhusu `--locale=C`: inaondoa ugomvi wa majina ya lugha ya Windows, ila upangaji wa maneno unakuwa wa kufuata baiti, yaani herufi kubwa zote hutangulia ndogo. Kwa majina ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa nidhamu moja, hutaona tofauti.

SQL Server Express: mahitaji mengi, maelezo mazuri

Kwenye Windows 10 iliyosasishwa au Windows 11, .NET inayotakiwa imo tayari, na SQL Server 2022 hukagua masharti yake kabla ya kugusa kitu. Inahitaji walau GB 6 za diski. Ikishindwa, fungua `C:\Program Files\Microsoft SQL Server\160\Setup Bootstrap\Log\Summary.txt`. Kati ya hizi tatu, hii ndiyo inayoeleza kosa lake kwa upana zaidi, na inastahili sifa hiyo.

Mawili yanasumbua. La kwanza ni matoleo ya zamani kama 2012, ambayo bado yanadaiwa na baadhi ya programu za uhasibu na za maduka. Hayo hutaka .NET 3.5, na kisakinishi hukwama kikijaribu kuiwasha kupitia intaneti. Chomeka diski au ISO ya Windows ya toleo lile lile lililoko kwenye mashine, halafu:

`DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:D:\sources\sxs`

Ukipata `0x800F081F`, chanzo ulichokitaja hakina faili hizo, na mara nyingi ni kwa sababu ISO ni ya toleo tofauti na Windows iliyosakinishwa.

La pili linafanana na kosa la mazingira lakini silo: `Wait on the Database Engine recovery handle failed`. Kwenye Windows 11 yenye diski ya NVMe, angalia `fsutil fsinfo sectorinfo C:`. Ukubwa wa sekta ukizidi 4096, SQL Server haitawaka hata uisakinishe mara kumi. Ongeza thamani hii kisha uwashe upya:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\stornvme\Parameters\Device" /v ForcedPhysicalSectorSizeInBytes /t REG_MULTI_SZ /d "* 4095" /f`

Kutibu: DLL moja, kifurushi kizima, ZIP, au Docker?

Kupakua DLL moja kutoka tovuti za DLL na kuitupia `System32` ndiyo njia inayopendwa na ndiyo mbaya kuliko zote. Hujui nani ameigusa faili hiyo. Haitasasishwa kamwe. Halafu majina ya folda yenyewe yanapotosha: `System32` ndiyo ya biti 64, na `SysWOW64` ndiyo ya biti 32, kinyume na mtu anavyotarajia. Ukikosea hapo unabadilisha `0xc0000135` kuwa `0xc000007b`. Vibaya zaidi ni kuinakili kwenye folda ya `bin` ya MySQL. Windows hutafuta DLL kwanza kwenye folda ya programu, ndipo `System32`. Nakala hiyo ya zamani itaendelea kutumika hata baada ya kuweka kifurushi kamili, na utabaki unashangaa. Kama uliwahi kufanya hivyo, futa nakala hizo kwanza.

ZIP ya MySQL inasifiwa kwamba haisakinishwi, inafunguliwa tu. Kweli, lakini `mysqld.exe` iliyomo ndani inaazima maktaba zile zile. Visual C++ isipokuwepo, ZIP nayo haitawaka. Faida yake ni kwamba unadhibiti folda mwenyewe: `mysqld --initialize --console`, unachukua nenosiri la muda linaloandikwa kwenye skrini, kisha `mysqld --install MySQL84` na `net start MySQL84`. Folda ya data lazima iwe tupu kabla ya amri ya kwanza.

Docker ndiyo pekee inayoondoa kabisa utegemezi wa Visual C++, kwa kuwa hifadhidata inaendeshwa ndani ya Linux yenye maktaba zake:

`docker run --name stoo -e MYSQL_ROOT_PASSWORD=nenosiri -p 3307:3306 -v stoo_data:/var/lib/mysql -d mysql:8.4`

Gharama yake ni kwamba Docker Desktop ina masharti yake: WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), na virtualization iwe imewashwa kwenye BIOS. Ikague kwenye Task Manager, sehemu ya Performance, chini ya CPU. Kwa RAM chini ya GB 8 hatuipendekezi, hasa kama kompyuta hiyo hiyo inafungua kivinjari na programu ya mauzo. Na usisahau `-v`, inayoiweka data kwenye hifadhi yenye jina nje ya kontena: kontena likifutwa kwa amri ya kawaida, data iliyoko kwenye hifadhi yenye jina hubaki.

Kwa mashine zilizotumika kuna onyo moja. MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inadai prosesa yenye AVX, kundi la amri za ziada za hesabu. Core i3, i5 na i7 za mwaka 2011 kuja juu zinayo. Core 2 Duo haina, na Pentium na Celeron nyingi zilizotoka miaka mingi baadaye pia hazina. Dalili ni huduma kukataa kuwaka kwa `0xC000001D`. Kuweka Visual C++ hapo ni kupoteza muda. Badilisha hifadhidata au badilisha mashine.

Basi uchague ipi

Kama hakuna programu inayokulazimisha na mashine ina Windows 10 au 11, PostgreSQL ndiyo tunayoiweka mbele, kwa sababu inajitosheleza ndani ya faili moja na ikikwama ina njia ya mkono inayofanya kazi. Unajenga kwa PHP na utapeleka kazi kwa mwenye hosting anayetoa MySQL? Chukua MySQL, weka `vc_redist` kwanza, yaishe. SQL Server Express ichukue pale programu uliyonunua inapoitaka, na data yako itabaki chini ya GB 10. Docker ni ya msanidi anayehitaji matoleo mawili ya hifadhidata kwa wakati mmoja. Kwa daftari la mauzo la mtu mmoja kwenye kompyuta moja, SQLite inatosha. Ni faili, haina huduma ya kuwasha, na hutahitaji nusu ya yaliyoandikwa hapa.

Kabla ya kujaribu mara ya pili

Usakinishaji ulioshindwa huacha mabaki, na mabaki ndiyo husababisha jaribio la pili kushindwa kwa kosa tofauti na la kwanza. Kwa MySQL, ondoa programu, kisha tazama `C:\ProgramData\MySQL`, folda iliyofichwa ambayo haiondoki yenyewe. Kama huduma bado inaonekana, `sc delete MySQL84`. PostgreSQL pia huiacha folda ya `data` kwa makusudi ikiondolewa. Folda hizi zinaweza kuwa na kazi ya mtu wa kabla yako, kwa hiyo zihamishie kwenye diski nyingine badala ya kuzifuta. Baada ya hapo washa upya, endesha kisakinishi kwa haki za msimamizi, na kikigoma tena fungua kumbukumbu kabla ya kufunga dirisha. Za Visual C++ zinakaa `%TEMP%` kwa majina yanayoanza na `dd_vcredist_amd64`. Tafuta neno `error` kuanzia chini kwenda juu.